Mini mpya ya laki mbili na nusu, au ThinkPad ya mtumba? Jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali: Assalaam aleykum fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, na jioni nasoma digrii. Nataka laptopu ndogo kabisa na nyepesi niitie mkobani pamoja na madaftari ya kusahihisha, maana gari za Chake asubuhi zinajaa na mzigo unaupakata mwenyewe. Kazi zangu ni maandalio ya masomo, alama za wanafunzi kwenye Excel, na kuandika utafiti wangu. Nina laki nne. Kuna mtu kanitumia picha ya mini ya inchi 10, mpya ndani ya boksi, laki mbili na nusu. Kaka yangu anakuja Unguja wiki ijayo, anaweza kunichukulia. Niichukue, au nitafute nyengine? Na umeme wetu unaujua.

Jibu: Waaleykumu salaam mwalimu. Usiichukue. Nimelitanguliza hilo kwa sababu namjua kaka wa mtu anapotumwa: atasoma mistari miwili akiwa juu ya boti, halafu atafunga simu.

Picha uliyoiambatisha nimeikuza mpaka mwisho. Tazama safu ya juu ya kibodi. Kuna kitufe chenye alama ya nyumba, na pembeni yake mshale wa kurudi nyuma. Vitufe hivyo ni vya simu. Mashine hiyo ni Android iliyovishwa kanzu ya laptopu. Zilitengenezwa nyingi sana China, kawaida zina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1 au chini ya hapo, na Android yao ni toleo la 4, ambalo siku hizi hata WhatsApp imelikataa. Windows haiingii humo hata uisomee dua. Boksi laweza kuwa jipya kweli, na nailoni ya kioo haijabanduliwa, lakini kilichomo kimelala ghalani miaka kumi na zaidi. Utafungua faili la alama za Kidato cha Pili, litakufa katikati, na mwenye kuuza atakuwa ameshabadilisha laini.

Pengine atakwambia, "Hapana mwalimu, hii yangu ina Windows." Basi itakuwa ile aina ya pili, netibuku zenyewe za zamani. Hizo nazipenda, sitakuficha. Zilianza na Asus Eee PC mwishoni mwa 2007: kioo cha inchi 7, uzito haufiki kilo moja, nafasi ya kuhifadhi GB 4 tu, na Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ndani yake. Mwaka wa pili yake Intel wakatoa prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Atom, na kila kampuni ikawa na mini yake. Acer walikuwa na Aspire One, HP na Mini, Dell na Inspiron Mini, Lenovo na S10. Mimi nilikuwa na Aspire One. Disemba 2009 umeme wa Unguja ulipozimika, tulikaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu kasoro siku chache. Nyinyi Pemba mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha, na mwaka huohuo wa 2010 mkaletewa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Huku kwetu jirani mmoja alikuwa na jenereta ndogo ya petroli, akichajia watu simu kwa malipo. Laptopu kubwa alizikataa, akisema zinamnywea mafuta. Mini yangu aliipokea kwa bei ya simu mbili. Nilikuwa nakwenda nayo barazani baada ya isha, naandika kwa mwanga wa kioo chake chenyewe, na watoto wa mtaa wamenizunguka wakidhani ni televisheni.

Kwa hiyo simdharau mtu anayeitamani mini. Ila dunia ile imepita. Kioo cha inchi 10 cha mashine hizo kina nukta 1024 kwa 600, na programu za leo hazikuandikiwa urefu huo. Unafungua kidirisha cha mipangilio kwenye Excel, kitufe cha OK kinaangukia chini ya ukingo wa kioo, hukioni wala hukifikii. Mimi nilikuwa nabonyeza Tab kwa kuhesabu, mara tano, mara sita, halafu Enter kwa kutawakali. RAM zake nyingi haziongezeki kupita GB 2, na kurasa mbili tatu za intaneti ya leo zinatosha kuimaliza yote. Ukimpata mtu anakupa moja bure, ichukue, itie Linux nyepesi, mwanao ajifunzie kuandika. Kwa digrii, hapana.

Kuna na aina ya tatu, laptopu ndogo mpya kweli, rahisi, ambazo diski yake ni eMMC ya GB 32 iliyogandishwa kwenye bodi. Windows ikishakaa humo, nafasi iliyobaki ni ya kupumulia tu. Likija sasisho kubwa halina pa kushukia, mashine inaanza kulia kila siku kwamba nafasi imekwisha, na diski hiyo huwezi kuing'oa ukaweka kubwa. Windows 11 yenyewe inadai GB 64 ndio iingie. Tuziache hizo.

Sasa uzito, maana hapo ndipo swali lako lilipo.

Watu wengi wanapima wepesi kwa inchi. Mkabala na dukani kwangu, Mchangani hapa Unguja, pana mzee anauza viungo, na mizani yake ya hiliki na pilipili manga inasoma mpaka gramu. Mteja akibishana nami tunavuka njia. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mwenzako, akashikilia ThinkPad 11e ya inchi 11.6, akisema lazima iwe nyepesi kwa sababu ni ndogo. Tukaiweka juu ya mizani, ikakaribia kilo moja na nusu. Tukaiweka Dell Latitude 7290 ya inchi 12.5, ikasoma kilo moja na robo. Mzee wa viungo akacheka akauliza, "Kubwa ndiyo nyepesi?" Ndiyo hasa. Ile ndogo ilitengenezwa kwa ajili ya skuli za ng'ambo, kwa mtoto atakayeiangusha kutoka juu ya dawati kila wiki, kwa hiyo imezungushiwa mpira na plastiki nene. Ile nyengine ilitengenezwa kwa mtu ambaye kampuni yake inamlipia ndege, na wepesi ndio uliokuwa ukiuzwa.

Kisha nikamwambia aziweke tena, safari hii na chaja zake. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ile ya skuli ilikuja na chaja ya wati 90 ya mashine nyengine, tofali lenye waya mnene wa ukutani, peke yake karibu nusu kilo. Latitude ilikuwa na chaja ndogo ya USB-C unayoweza kuifumbata kiganjani. Jumla ya moja ikawa kilo mbili kasoro kidogo, ya pili haikufika kilo moja na nusu. Hiyo tofauti mwalimu, kwenye gari ya Chake ukiwa umepakata na madaftari arubaini, utaisikia magotini kabla hujafika Mzambarauni.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwako ni hili: usinunue laptopu ndogo, nunua laptopu utakayoweza kuiacha chaja yake nyumbani, au ambayo chaja yake haina uzito wa kutaja. Betri nzima ya saa tano inakupa wepesi kuliko kukata inchi moja na nusu ya kioo. Na kibodi ya inchi 12.5 vidole vyako vinaenea, wakati ya inchi 10 utaandika sura moja ya utafiti ukiwa na maumivu ya viganja.

Mashine za namna hiyo zipo, na kwa bahati soko letu limejaa. Kampuni za Ulaya na kwengineko hubadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, za zamani zinauzwa kwa jumla, nyingi zinapita Dubai na kuishia Kariakoo, Mlandege na Darajani. Mwambie kaka yako aulizie majina haya: Lenovo ThinkPad X270 na X280, Dell Latitude 7280 na 7290. Zote ni inchi 12.5. Kama atakutana na HP EliteBook 830 G5, hiyo ni inchi 13.3, nzito kidogo, lakini ni mashine nzuri, asiikimbie.

Kati ya hizo pana mstari wa kuujua. X270 na 7280 zina prosesa za kizazi cha 6 au cha 7, X280 na 7290 mara nyingi ni kizazi cha 8. Namna ya kukijua ni kusoma namba baada ya kistari: i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Hii si mbwembwe ya wauzaji. Intel walipofika kizazi cha 8, i5 za laptopu nyembamba zilitoka viini viwili vya kazi zikawa vinne, na tofauti unaiona ukiwa na Word, Excel na kivinjari wazi kwa pamoja. Tena Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa prosesa hizi za Intel. Cha 7 kinaweza kulazimishwa, mafundi tunafanya kila siku, lakini ni kulazimisha, na siku moja sasisho linaweza kugoma nawe uko Wete na mimi niko Mchangani.

Laki nne yako ielekee kwenye X270 au 7280 iliyo safi, RAM GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256. Kama unaweza kuvuta mwezi mmoja ukaongeza kidogo, ngoja uchukue 7290 au X280. Ningekuwa mimi ningengoja. Na kati ya hizo mbili ningechukua 7290, kwa sababu moja tu: RAM ya X280 imegandishwa kwenye bodi, ukinunua ya GB 4 utakufa nayo. Ya 7290 inachomolewa, inabadilishwa. Kama X280 uliyoipata ina GB 8 tayari, haya, neno langu lifute. X270 nayo ina uzuri wake wa kizamani. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma inayochomoka kwa kubana vijino viwili, na unaweza kuichomoa ya nyuma ukaweka nyengine bila kuizima mashine. Kwa mtu wa umeme wa kuondoka na kurudi, hilo nalithamini sana.

Kuhusu umeme huo. Hizi nne zote zinachajika kwa USB-C, tundu lilelile la simu mpya. Faida yake utaiona siku chaja ikifa: hutatafuta chaja ya Dell Pemba nzima, utatafuta ya USB-C yenye wati 45 au 65, na itachaji na simu yako pia. Chaja ndogo ya simu ya wati 10 au 15 ama haitakubaliwa kabisa, ama itachaji kwa uvivu huku mashine imezimwa. Pawabenki nayo iwe imeandikwa PD, alama ya chaji ya nguvu ya USB-C, na wati 45 kwenda juu, vyenginevyo ni ya simu tu. Voltage ikipanda na kushuka, chaja hizi zinavumilia kuanzia 100 mpaka 240, kwa hiyo kinachoziua zaidi ni ule mrindimo wa umeme unaporudi kwa ghafla. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kadhaa, ndipo uchomeke.

Jambo dogo lakini nalichukia: chaja za mtumba kutoka Ulaya zinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo, na watu wetu wanachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili ziingie. Plagi inakaa nusu, inacheza, inatoa cheche. Waya ule wa ukutani unachomoka kwenye chaja. Mwambie kaka yako anunue wa pini tatu wenye fyuzi hapohapo dukani, si bei ya kuumiza.

Sasa saa moja ya kaka yako ndani ya duka. Asinunue kwa dakika kumi, na asinunue mahali ambapo hawamruhusu kukaa. Mwenye duka mzuri atampa kiti.

Kwanza aiweke laptopu ikiwa imefungwa juu ya kioo cha kaunta, abonyeze pembe moja moja. Ikicheza kama meza mbovu, betri ndani imevimba na imelisukuma kasha. Aangalie na kile kibao cha kusukumia kishale, kama kimenyanyuka upande mmoja, ni ugonjwa huohuo. Aifungue na kuifunga taratibu, asikilize bawaba. Mashine zilizokaa pwani zinapata kutu ya chumvi pale, zinakaza, na siku moja zinang'oa plastiki ya kioo. Achungulie matundu ya USB kwa tochi ya simu. Akiona ukijani kama wa shaba ya zamani, aiache, hata ikiwa inawaka vizuri.

Aiwashe akiwa amechomoa chaja. Wapo wanaoziuza zikiwa zimechomekwa muda wote, na huoni kwamba betri ni pambo. Halafu kwenye sehemu ya kutafutia aandike cmd, na kwenye dirisha jeusi litakalofunguka aandike powercfg /batteryreport. Itatengenezwa ripoti, nayo itamwambia imehifadhiwa wapi. Ndani yake atafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY, yaani ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani ujazo wake wa leo. Kama wa kwanza ni 42,000 na wa pili ni 31,000, imebaki karibu robo tatu, na kwa mtumba hiyo ni afya njema. Ikiwa chini ya nusu, ama apunguziwe bei ya betri mpya, ama aende duka la pili. Kwa X270 atakuta betri mbili, azisome zote mbili.

Kibodi aibonyeze kitufe kwa kitufe. Hapa pana kituko. Mashine kutoka Ujerumani ina Z pale tulipozoea Y, na Y pale pa Z. Mteja wangu mmoja alikuwa anaandika bila kutazama, barua yake ya maombi ya kazi ikaenda na "Yanyibar" kila mahali. Za Ufaransa zimehamisha A na Q, hizo ni mtihani zaidi. Windows unaweza kuipangia mpangilio wa Kiingereza, ukabandika vibandiko vya herufi juu, na mambo yakaenda. Kwa hiyo kibodi ya Kijerumani isimfukuze, iwe sababu ya kuomba bei ishuke.

Hili linalofuata ndilo linalowaumiza wengi. Laptopu nyengine zilikuwa zimeandikishwa kwenye mtandao wa kampuni au skuli ya mwenyewe wa mwanzo. Muuzaji amezipitisha hatua za kuanzia bila intaneti, zinafanya kazi, unanunua. Miezi mitatu baadaye unaifuta ili uanze upya, unaiunganisha na intaneti, inakuletea jina la taasisi usiyoijua na kukudai akaunti na nenosiri la huko. Kijana mmoja wa chuo alinijia na yake akiwa karibu kulia, na sikuwa na la kumfanyia, alirudi kwa muuzaji wakabishana wiki nzima. Dawa yake ni kumwomba muuzaji aifute mbele yako, kisha kaka yako aiunganishe na hotspoti ya simu yake wakati hatua za mwanzo zinaendelea. Ikipita hapo mpaka kuuliza jina la mtumiaji mpya bila kutaja taasisi yoyote, salama. Akishamaliza aizime, aiwashe tena huku akibonyeza F1 kwa ThinkPad au F2 kwa Dell. Ikidai nenosiri kabla hata ya Windows, asiitoe pesa yake.

Kioo akitoe nje, kwenye mwanga wa mchana. Mashine hizi zilitoka na vioo vya namna mbili. Kile duni kina nukta 1366 kwa 768 na ukikitazama kwa ubavu rangi zinageuka; kile kizuri ni 1920 kwa 1080, aina ya IPS. Dukani chini ya taa vyote vinapendeza, barazani kwako saa kumi jioni utavitofautisha.

Umeniuliza pia chini ya swali lako kama Chromebook, laptopu ya mfumo wa Google isiyo na Windows, ingefaa. Kwa mtoto wa skuli, sawa. Kwako wewe mwenye Excel ya alama na kazi ya chuo, na bando la kuhesabu, utabanwa. Za mtumba zina lile gonjwa la kuandikishwa na skuli kuliko laptopu yoyote, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho, nyengine imeshapita. Tableti yenye kibodi nayo, kwa laki nne, utakuwa unapakata vitu viwili vinavyoteleza.

Dhamana. Maduka mengi ya huku yanatoa wiki mbili au mwezi, kwa maneno au kwa risiti. Lakini kwako dhamana ya Mlandege ina nauli ya boti kwenda na kurudi ndani yake, na siku nzima ya kazi. Ukipata mashine hizi Chake au hapo Wete kwa bei iliyozidi kidogo, chukua hapo, maana ziada hiyo ni nauli ambayo hutailipa. Ukiona hakuna, kaka anunue Unguja, risiti iandikwe namba ya mashine iliyo chini ya kasha, isiwe "laptop 1" tu, na akae nayo siku mbili akiitumia kabla ya kurudi. Kasoro nyingi za mtumba zinajitokeza ndani ya saa za mwanzo za kazi ya kweli, kwa mfano feni inayolia ikipata moto, au inayojizima mara video ya nusu saa inapofika katikati. Kwenye boti aipakate. Asiiache kwenye mizigo ya nje, rasharasha za bahari hazina huruma.

Ikifika kwako usiifunge kwenye mfuko wa nailoni kuikinga na unyevu, utaufungia unyevu ndani. Mfuko wa kitambaa, na vile vijipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, viwili au vitatu. Usiiweke chumba kimoja na karafuu mbichi zinazosubiri kuanikwa. Niliwahi kufungua laptopu kutoka shamba huko kwenu, harufu yake ilikuwa nzuri ajabu, lakini feni ilikuwa imejaa vumbi la vikonyo. Na usile andazi juu ya kibodi. Sisimizi wa Pemba sijui wa wapi, lakini nimewatoa ndani ya mashine tatu mwaka huu.

Windows usinunue. Laptopu hizi za kampuni nyingi zina leseni yake imo ndani ya bodi, ukiweka toleo lilelile inajitambua yenyewe ukiunga intaneti. Kwa Excel na Word, kama chuo chako kinawapa wanafunzi akaunti ya Microsoft, tumia hiyo. La sivyo LibreOffice ni bure, na jedwali la alama lenye jumla, wastani na nafasi inalimudu bila shida.

Kaka yako akishapata anayoitaka, na kabla hajatoa pesa, anitumie picha mbili: ukurasa ule wa betri, na kibandiko cha chini chenye namba ya mashine. Nitamjibu papo hapo. Nipo dukani kila siku mpaka magharibi, isipokuwa Ijumaa nafunga saa sita mpaka saa nane.